Nyuma ya Cherehani

Fundi wa vyerehani huandika kwa kidole kimoja, na kila neno hulitamka kabla ya kuligusa kwenye simu. Katika jukwaa la mtandaoni la maswali ya ushonaji amejibu watu arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyelikubali jibu lake na kuliwekea alama ya kijani. Hanuni. Hupangusa mafuta mikononi, huketi nyuma ya mashine pale anapotengenezea, kisha huandika chini ya kila jibu lililoachwa: "Samahani mwenzangu, nimekosea wapi? Usinionee haya." Mkewe, anayeshona mbele ya mashine hiyohiyo, humcheka: "Mume wangu umekuwa mposaji? Ukikataliwa unadai sababu!"

Leo simu imelia, naye karuka hadi bisibisi ikamponyoka. Kajibiwa! "Fundi, ulisema gurudumu nilisukume. Nimelisukuma, uzi ukajisokota chini. Nilipolivuta kwangu, mashine ikashona vizuri." Fundi akakunja uso, akalishika gurudumu, akalisukuma taratibu. Likazunguka kuelekea kifuani kwa mkewe.

"Kwani wewe hulivuta?"

"Tangu unioe. Wewe si unakaa mgongoni mwa mashine!"

"Kumbe!" Akapiga paja. "Kumbe! Wote arobaini na mmoja nimewajibu kutokea mgongoni!" Akabeba kiti chake mbiombio, akakizungusha hadi upande wa pili.

"Sogea, mama watoto, sogea," akasema, akijibana ubavuni mwa mkewe huku akifungua jibu la kwanza kabisa ili alisahihishe. "Li... vu... te... kwa... ko."