Mtani Aliyetolewa Kwenye Mazishi ya Meja

Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya waliobeba jeneza, lakini sitayaandika. Wenyewe wanajijua.

Mume wangu alistaafu akiwa Meja. Alitoka kwetu Usinge kwa miguu mpaka Kaliua ili kupunguza nauli, akapanda treni kuja Tabora kuandikishwa jeshini, hata viatu hana. Alianza kuruta wa kuchota maji, akapanda cheo kimoja kimoja, akavuka Kagera wakati wa vita, akarudi sikio moja halisikii. Alipostaafu alirudia mizinga yake ya nyuki, na kuku wa hapa nyumbani akawa anawaamrisha kama wako kwenye gwaride.

Tulipokaa kambini kule pwani, jirani yangu alikuwa Mzaramo, mke wa sajini. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka baharini. Mume wangu alikwenda vitani akaniacha na mimba. Huyo mama ndiye aliyenizalisha. Vita vilipokwisha, asubuhi moja ya gwaride mume wangu akakuta kiatu chake kimoja kiko juu ya mpapai.

"Piga magoti, mtumwa wangu, nikupe," mtani anamwambia.

Akapiga magoti, na nyota zake begani.

Sajini alipofariki, mume wangu alikwenda kwenye msiba, akaingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Wafiwa wakacheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Aliporudi akaniambia, "Siku yangu ikifika, yule mtumwa wangu wa Kizaramo asikose. Nisije nikazikwa kama mgeni."

Siku yake ikafika. Mtani alikuwa ameshahamia hapa Tabora kwa binti yake, akaja. Mimi mwenyewe nilimpa koti la kombati la marehemu. Akalivaa, mfuniko wa sufuria kichwani, mchi begani, akatembea mwendo wa marehemu ule ule wa kutupa mguu, mpaka mbele ya jeneza.

"Kuruta wa Kinyamwezi! Amka! Nani kakupa ruhusa ya kulala mchana? Mzigo wangu atanibebea nani mpaka pwani?"

Nikacheka. Tangu mume wangu alipolazwa hospitali sikuwa nimecheka.

Mara mtoto wa shemeji yangu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliyekuja kutoka Dodoma na miwani yake myeusi, akapaza sauti: "Mtoeni huyo bibi! Wageni wa jeshi watatuona washamba!"

Vijana wawili wakamkokota mpaka getini, wakamvua koti. Mama mzima! Anawaambia, "Jamani, mimi mtani," na hakuna anayemsikiliza.

Mjane hatoki kwenye mkeka, najua. Nilitoka. Nikaenda kuketi chini pale getini, karibu na mtani, jeneza linapopita.

"Mama mkubwa, unatuaibisha," mwenyekiti akaniambia. "Ratiba ya jeshi imeshapangwa."

"Ratiba! Nilipokuwa na uchungu, ratiba ndiyo iliyonishika mkono? Mkitaka kupita, nikanyageni."

Wakasimama na jeneza lao. Ofisa mkubwa aliyeongoza wanajeshi akaja, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo gani?"

"Marahaba. Wamemfukuza mtani wa mume wangu."

Akamwangalia mtani, halafu akamwangalia mwenyekiti. "Kwetu Ugogo, marehemu hafukiwi kabla mtani hajaridhika," akasema. "Mrudishieni koti."

Basi mtani akaingia kaburini kwa koti lile, akalala, akawatukana Wanyamwezi wote waliokuwepo mpaka akapewa kuku wake. Askari walioshika bunduki za heshima walikuwa wanauma midomo wasicheke. Ndipo jeneza likashushwa, mchungaji akaomba, risasi zikapigwa.

Jioni nilimwona mwenyekiti akimwomba ofisa radhi kwa "ile vurugu". Akamwomba tena alipomsindikiza garini. Mtani alikuwa jikoni ananipikia uji, wala hakuchunguliwa.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja kunisalimia na mfuko wa sukari. Nikamwambia, "Anza kwa mtani wetu, umwombe msamaha, ndiyo uje hapa."

"Nani? Yule bibi mchekeshaji?"

Nikamrudishia sukari yake.