Aliyetumwa Kugombezwa

Kitinda mimba wa mama fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko sindano za mama yake. Alipoingia jeshini alipewa gari la wagonjwa, na vita vilipopamba moto akawa anabeba majeruhi, hadi siku gari lake lilipokanyaga bomu lililotegwa barabarani.

Hospitalini, tumbo likiwa limefungwa bendeji, hakuacha utani. Kwenye kitanda cha jirani alilala askari kijana aliyekatwa mguu, ambaye alikuwa amegeukia ukutani na kususa chakula.

"Kaka, ukipona nenda kwa mama yangu," binti alimwambia. "Nisipokuwepo anakosa mtu wa kugombeza."

Askari alicheka bila kutaka, akaomba sahani yake.

Majeraha ya binti hayakupona. Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Miezi ikapita, ndipo yule askari akabisha hodi dukani kwa mama, magongo kwapani.

"Shikamoo mama. Binti yako alinituma nije kugombezwa."

Mama alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba mwanangu. Na ndiyo umekuja na shati lisilo na vifungo? Kaa hapo uvishone."

Alivishona vibaya, akaambiwa avifumue, akarudi kesho yake. Leo anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na wateja wa suti wanamtaka yeye. Wakiuliza kama ni mwanawe, mama hujibu, "Huyu nililetewa na binti yangu," kisha huanza kusimulia habari za binti huyo, na hafiki mbali kabla hajacheka.