Jani la Sale Kwenye Glasi

Kwa miaka mingi nilikana kwamba namwonea wivu mdogo wangu. Nilisema nina wasiwasi juu ya mama. Mtu aliyesoma chuo kikuu hakosi neno la heshima la kufunikia jambo la aibu. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu kwa sababu ya tumbo la mama.

Figo za mama ziliposhindwa kazi, sote wawili tulifundishwa kumhudumia nyumbani. Unaunganisha mfuko wa maji ya dawa na mpira uliotokezea tumboni, maji yanaingia, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu na maji ya ziada mwilini, kisha unayatoa. Mimi niliuliza maswali ya kisomi. Mdogo wangu alinawa mikono na kutazama. Mama akamchagua yeye.

"Wewe utanishika kama unasahihisha mitihani," aliniambia.

Basi wakabaki Uru mlimani, kwenye migomba yao, na mimi Shirimatunda, mjini, na chumba cha wageni nilichompakia mama rangi bila kuombwa. Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda kuwaona, nikakuta mlango wa chumba umefungwa na nyuma yake wanacheka.

"Subiri kidogo dada, tunabadilisha maji."

Nikasubiri karibu na banda la ng'ombe, na ng'ombe akanitazama kama mgeni.

Mwaka huu miguu ya mama ilianza kuvimba. Maji yaliyotoka yakawa machache kuliko yaliyoingia. Nilisikitika, kweli, lakini chini ya masikitiko kulikuwa na kitu kimenyoosha mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Unakamua ng'ombe halafu unamshika mama," nilimwambia mdogo wangu jikoni, akimenya ndizi za mtori.

"Nanawa, dada. Unajua nanawa."

"Nitajuaje? Mnafunga mlango."

Mama akapelekwa hospitali, maji yakapimwa, na tumbo lenyewe likapimwa linavyochuja. Kabla majibu hayajatoka, mdogo wangu alishuka kwangu na jani la sale, lile tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, amelipiga fundo. Kwetu anayekuletea sale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia.

"Kama ni mimi nimemharibu mama, nisamehe."

Ningeweza kumwambia tusubiri majibu. Nililipokea. Nikaliweka mezani kwenye glasi ya maji, mahali ambapo wageni wangeliona. Hata hapo nilimwonea wivu: mimi nisingeweza kuomba msamaha vizuri namna ile.

Siku mama na mdogo wangu walipofuata majibu hospitali, muuguzi alipiga simu nikiwa nimekaa mbele ya glasi hiyo.

"Shikamoo mama. Maji hayana wadudu. Ni utando wa tumbo umechoka."

"Marahaba. Kosa la nani?"

"La nani tena? Maji yale yana sukari, ndiyo inayovuta. Utando ukikaa na sukari miaka, unabadilika. Sukari inapenya upesi kuingia mwilini, haibaki ya kuvuta maji. Huwapata hata waliotunzwa vizuri, na huyu ametunzwa. Miaka yote hii hajapata maambukizi hata mara moja. Mdogo wako ana mikono safi."

"Anayo," nilisema. Neno moja, na lilinichosha.

"Sasa itabidi mama yenu ahamie kwenye mashine ya kusafisha damu hapa mjini, kila wiki mara kadhaa. Kutoka Uru atachoka. Kuna ndugu anayekaa karibu?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa miaka. "Mimi nipo karibu."

"Vizuri. Huyu hapa mama, anataka kuongea."

"Hicho chumba chako," mama alisema bila salamu, "kina vitanda vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Ongeza. Mdogo wako hawezi kulala chini."

Nilikuwa nimeshalitoa jani kwenye glasi, linanidondoshea maji mapajani, fundo bado limekaza. Sikujua kama desturi inaruhusu kumrudishia mtu sale lake mwenyewe.

"Mama," nilisema, "hebu mpe simu."