Jeni ya Dada Zaituni Ilikuwa Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja pale Kilosa, Mkuu wa Maabara alinipokea akiwa na ini la ng'ombe lililofungwa kwenye gazeti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikata vipande viwili. Kimoja akakitumbukiza kwenye formalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze. Kingine akakiacha kwenye sahani, juani.

Vilipokwisha kukatwa vyembamba na kupakwa rangi, aliniita nivitazame kwa darubini. Kwenye kile cha formalini seli zilionekana moja moja, zimejipanga. Kile cha juani kilikuwa uji mtupu.

"Binti, nyama ikicheleweshwa huanza kudanganya," alisema. "Daktari akiuamini uongo huo, anaweza kumkata mtu titi bure. Ukishika kichupa, ujue umeshika mtu."

Nilirudi nyumbani Magomeni, mtaa wa palepale Kilosa, nikiyawaza maneno yake. Nilikuwa nimeisomea kazi hii nikidhani ni ya rangi na vioo. Tangu siku hiyo sikuwahi kufunga mlango wa maabara bila kurudi kuujaribu tena.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mikumi. Pale hapakuwa na daktari wa kusoma vipande, kwa hiyo tulivipeleka Dar es Salaam kwa basi. Nilimkabidhi kondakta sanduku mkononi mwake, kisha nikapiga simu kila kituo. Basi likisimama hifadhini kupisha tembo, nilipiga tena.

"Bi Tatu, basi limechelewa, halijapotea," Mganga Mfawidhi alikuwa akinitania.

"Wewe hujui lina nini, daktari," nilimjibu. Alijua vizuri tu. Ila yeye aliweza kulala.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliitwa Dar es Salaam, kwenye maabara ya utafiti wa saratani ya matiti. Mkuu wa Kitengo alikuwa mama mmoja daktari bingwa, mkali wa kazi, asiyependa maneno mengi. Huko ndiko nilikokutana na epijenetiki, neno ambalo chuoni sikuwahi kulisikia.

Nitalieleza kama nilivyoelezwa. Kila seli mwilini ina jeni zote, lakini haizitumii zote. Seli ya titi na seli ya ini zina maagizo yaleyale. Tofauti ni yapi yanasomwa na yapi yamenyamazishwa. Seli hunyamazisha jeni kwa kubandika juu yake alama ndogo za kemikali ziitwazo methili, au kwa kuukaza uzi wa DNA kwenye protini ulizozungushiwa, usisomeke. Jeni inabaki nzima. Haijakatika, haijakosewa hata herufi. Imezimwa tu. Seli ya saratani huutumia vibaya utaratibu huu: inazima zile jeni ambazo zingeizuia isizaliane ovyo. Kazi yetu ilikuwa kuzitafuta alama hizo. Tulitia DNA kwenye kemikali inayobadilisha herufi moja ya DNA, ile C, pale isipokuwa na methili na kuiacha pale inapokuwa nayo, kisha tukasoma nini kimebadilika na nini kimebaki.

Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi hiyo dada yangu Zaituni aliponipigia simu kutoka Ruhembe. Yeye na mumewe walikuwa wakilima miwa huko.

"Nina kitu kwenye titi," alisema. "Hakiumi, ndiyo maana nilikiacha."

Mama yetu alikufa kwa uvimbe wa titi nikiwa shuleni, enzi ambazo watu walisema amerogwa. Nilimwambia Zaituni apande basi kesho yake.

Kipande cha uvimbe wake kilipopimwa, kilikuwa saratani, tena ile isiyo na vipokezi vya homoni. Maana yake vidonge vya homoni visingemsaidia. Zilibaki dripu za kemo, dawa kali za kuua seli za saratani, na upasuaji. Daktari wake akauliza kama angekubali uvimbe na damu yake viingie kwenye utafiti wetu. Akakubali. Niliposogea kupokea sampuli, Mkuu wa Kitengo alisimama mbele yangu.

"Hutaigusa hii."

"Dokta, hakuna anayeijua kazi hii kuliko—"

"Ninajua. Ndiyo sababu. Mkono wako utatetemeka, au utaona unachotaka kuona. Nenda kaoshe vyombo."

Nikaenda kuosha vyombo. Niliosha vilivyokuwa safi. Kupitia kioo nilimwona mwenzangu akifanya kazi ambayo mimi ndiye niliyemfundisha, na kila alipoinuka kwenye kiti moyo wangu uliinuka naye.

Huko nyumbani kwa Zaituni mambo yalikuwa yameharibika. Mwajuma, binti wa Zaituni, alikuwa amechumbiwa na kijana muuza vitunguu wa Dumila. Mama wa kijana akasikia habari za ugonjwa, akaenda Ruhembe na shangazi wawili. Hawakutukana mtu. Walisema tu kwamba bibi alikufa nao, mama anao, basi harusi isubiri kwanza. Usiku haujaingia Mwajuma akanipigia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Niambie ukweli. Na mimi ninao?"

"Sijui, Mwajuma."

"Wewe si ndiyo kazi yako?"

Swali lake lilikuwa langu pia. Mama yake na mimi tulinyonya titi moja, na mimi nina mabinti wawili.

Kuna jeni iitwayo BRCA1 ambayo hurekebisha DNA inapokatika. Mtu akizaliwa nayo ikiwa na kasoro, hatari ya saratani ya titi hupanda sana, na anaweza kuwarithisha watoto. Majibu yalipotoka, Mkuu wa Kitengo aliniita ofisini, akafunga mlango. Akaniambia dada yangu alikuwa ameruhusu nisikie.

"Damu yake haina kasoro ya BRCA1. Jeni ni nzima. Kwenye uvimbe imefunikwa methili, imezimwa. Ilizimwa humo tu; kwenye damu alama hizo hazionekani."

"Kwa hiyo watoto hawakurithi?"

"Hawakurithi kasoro tuliyoitafuta. Usiwaambie zaidi ya hapo. Kuhusu mama yenu hatujui, na hatutajua."

Nilisafiri mpaka Ruhembe. Zaituni alikuwa amekaa ukumbini, kichwa hakina nywele, kilemba kimelegea. Mwajuma alikaa sakafuni karibu na miguu yake. Niliwaeleza polepole, kama daktari alivyowaeleza hospitalini, ila kwa maneno ya nyumbani. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani taa haijaungua, imezimwa," alisema.

"Ndiyo."

"Basi si waiwashe?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Zipo dawa zinazoweza kuondoa methili, na kwenye seli tulizokuza maabara tuliona jeni zikiamka. Lakini dawa hizo hazichagui. Zinaamsha na zile ambazo zinapaswa kulala. Kwa saratani kama yake bado zilikuwa za majaribio.

"Bado hawajui namna ya kuiwasha peke yake," nilimwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Haya. Wakijua, muwape hawa watoto."

Wale wa Dumila walipopata habari walirudi na maneno matamu. Mwajuma aliwaandalia chai, akawahudumia kwa heshima zote, kisha akakataa. "Waliniogopa kabla ya kujua," aliniambia baadaye. "Siku nikiumwa tumbo wataniogopa tena." Miaka miwili baadaye aliolewa na mwalimu wa Kidodi. Kabla ya kuchumbiwa alimweleza kila kitu.

Kemo ilimsaidia dada. Alirudi shambani, akavuna miwa, akambeba mjukuu wake wa kwanza. Kisha ugonjwa ukarudi kwenye mapafu, na safari hii haukusikia dawa. Tulimzika Ruhembe asubuhi ya mvua. Mwaka uleule nilistaafu, nikarudi Magomeni ya Kilosa.

Vijana wanaosomea maabara huja kuniuliza kazi ilikuwaje. Nawaambia mashine zao ni bora kuliko zetu, ila kungoja hakujabadilika. Hilo nimelijua zaidi mwaka huu. Nilimsindikiza Mwajuma kwenye uchunguzi wake wa kila mwaka, naye alipotoka salama akanishika mkono.

"Sasa wewe, mama mdogo."

Maisha yangu yote nilikuwa upande wa pili wa kichupa. Nililala kitandani, mtaalamu kijana akaniamkia na kunipaka jeli ya baridi kwenye titi, akaanza kupitisha kipimo cha ultrasaundi. Sikuwa na cha kusoma ila uso wake. Alikisimamisha kipimo mahali pamoja muda mrefu, nikawa namwomba Mungu bila sauti. Kisha akakisogeza.

"Hakuna kitu, bibi. Urudi mwakani."

Nilikaa nivae, vidole vikakataa vifungo. Mwajuma akaingia. Akapiga magoti mbele yangu, akanifunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja mpaka juu.