Siku Nilipomwosha Babu

Sisi tuliokulia kijijini Vudee, milimani, miaka ile tulijua pombe imeiva kwa sikio kabla ya ulimi. Dengelua, pombe yetu ya miwa, ilikaa kwenye mtungi mkubwa karibu na mafiga, na kila mtoto aliyepita jikoni aliinama akatega sikio mdomoni mwa mtungi. Ikisikika inachemka ndani kwa ndani kama mvua ya mbali juu ya migomba, tulikimbia kumwambia baba, "Inaongea." Siku hizi ukimwona kijana kakaza sikio ujue kuna kitu kimechomekwa humo, na hakusikii hata ukimwita mara tatu.

Kazi ya miwa ilikuwa yetu sote. Watoto tuliimenya, baba na kaka zangu wakaitwanga kwenye kinu cha gogo, mama akaikamua. Maji yake yakiwa bado matamu, kila mtoto alipata kikombe kimoja cha bati, na tulikunywa polepole ili wa mwisho kumaliza awatambie wengine. Baada ya hapo hatukuruhusiwa kugusa. "Tamu ni ya mtoto, kali ni ya mtu mzima," baba alisema kila mwaka, kana kwamba tungesahau. Ndiyo maana ukimwalika mwanamume pombe kisha ukampa maji ya miwa, umemwita mtoto, na hilo kwetu halikuwa jambo la kuchekea.

Kilichoifanya tamu iwe kali ni mwegea, hamira yetu. Ni lile tunda refu, gumu, la miti ya huko chini mabondeni. Babu yangu, baba yake baba, alilipasua, akalikausha na kulizoesha kazi kabla sijazaliwa. Vipande vyake vilitumbukizwa katika kila pombe, vikatolewa, vikaanikwa, vikarudi kwenye kikapu darini, juu ya moshi wa jikoni, vikisubiri miwa mingine. Vilikuwa vyeusi, vina utando mkavu wa mapovu ya pombe zote tangu enzi za babu, na vilinuka.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuwa ametufundisha habari za vijidudu, nami nikawa kero nyumbani. Nilikagua kucha za mama. Nilimkataza bibi kunipulizia uji.

Mwaka huo baba alikuwa amekosana na rafiki yake, Mzee Eliakunda, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Kosa lilikuwa la baba. Maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yana zamu, na baba aliyafungulia shambani kwetu siku ya zamu ya mwenzake. Maharage ya Eliakunda yakakauka. Watu waliokunywa pamoja tangu ujana wakapitisha miezi miwili bila kusalimiana. Kanisani mmoja akikaa kulia, mwingine anahamia kushoto. Mwishowe baba akamtuma kaka yangu: Jumapili baada ya ibada, njoo tunywe. Kwetu msamaha uliombwa hivyo, na neno lenyewe halikutajwa. Eliakunda akajibu kwamba atakuja.

Ijumaa baba aliniambia nishushe kikapu cha mwegea. Nilivitazama vile vipande nikawahurumia watakaokunywa. Nikavisugua kimoja kimoja kwa sabuni ya mche na maji ya moto, nikavisuuza mara tatu, nikavianika juani. Vikapendeza, nami nikajivuna. Baba alivitumbukiza mtungini bila kuviangalia, maana mawazo yake yalikuwa ng'ambo ya mfereji.

Jumamosi nikatega sikio. Kimya. Baba akapiga magoti akatega na yeye, akausogeza mtungi karibu zaidi na moto, akaufunika kwa blanketi lake mwenyewe. Jumapili asubuhi akatega tena, amekwishavaa koti la kanisani.

"Mwambie asije," mama akasema.

"Nikimwambia asije leo, hatakuja tena."

Eliakunda akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi na kuweka kofia yake chini. Baba akachota, akaonja kwanza kama desturi ilivyotaka, ili mgeni aone kinywaji hakina ubaya. Uso wake haukubadilika. Akampa mwenzake. Eliakunda akapiga funda moja, akakitua kibuyu juu ya goti.

"Tamu," akasema.

Baba akainamisha kichwa. Nikauona mkono wa Eliakunda ukiifuata kofia, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule.

"Ni mimi," nikasema. "Mwegea niliuosha. Kwa sabuni."

Walinitazama wote wawili. Baba akaingia jikoni, akarudi na kipande kinachodondoka maji, akakinusa, akampa mgeni. Eliakunda naye akakinusa kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto," akasema taratibu, "amemwosha babu yake."

Kisha akavaa kofia yake akaondoka. Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa pale pale akiangalia kiti kitupu, na mama alipomletea chakula hakukigusa.

Ugali ulikuwa umeshapoa Eliakunda aliporudi, ameshika kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani yake vipande vya mwegea, vyeusi, vichafu, vinanuka kama vyetu vya zamani.

"Ni nusu ya tunda lile lile," akamwambia baba. "Baba yako alimgawia baba yangu mwaka waliochimba pamoja huu mfereji." Akavitumbukiza mtungini kwa mkono wake. "Jumanne nitakuja."

Jumanne mtungi uliongea kiasi kwamba hata aliye nje aliusikia. Wakanywa mpaka jua likatua, na habari ya maji haikutajwa. Mimi nikaitwa Sabuni tangu siku hiyo, hata kwenye harusi yangu.

Sasa mtoto wa kaka yangu, Gidion, anatengeneza bia chumbani kwake, Same mjini. Amejifunza kwenye simu. Ana ndoo zenye mifuniko na kipimajoto, na kabla ya kugusa chochote anaosha kila kitu kwa dawa. Mwalimu wangu angefurahi sana. Hamira yake inakuja kwa basi, kwenye pakiti. Juzi alitualika, mimi na rafiki zake. Vijana walizipiga picha glasi zao mpaka povu likaisha, ndipo wakakumbuka kunywa. Bia ni nzuri, siwezi kumnyima haki yake.

Akaniuliza kama mwegea wa babu bado upo. Nikamwambia tulipobomoa jiko la zamani baada ya msiba wa baba, kikapu kilitupwa pamoja na masizi. Niliwahi kumpigia mtoto wa Mzee Eliakunda kumuulizia wa kwao, akasema nao walishatupa. Inaniuma, na sikutegemea kwamba ingeniuma.

"Na hii yako," nikamuuliza, "ikikataa kuongea unafanyaje?"

"Nafungua pakiti nyingine tu, shangazi. Wala sina haja ya kwenda kwa mtu."

Nikamwambia ni kweli, nikamwomba aniongeze kidogo.