Mwanamke Aliyevaa Sura ya Kokuberwa

Kokuberwa alizaliwa Kanazi, akaolewa Muleba na Byabato, fundi seremala mcheshi ambaye wateja walikuja kudai vitanda vyao wakaondoka wakicheka, bila vitanda. Ugonjwa wa mumewe ulianzia puani. Siku moja alilalamika kwamba vanishi za siku hizi hazina harufu, huku Kokuberwa akikohoa kwa ukali wa vanishi hiyohiyo. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hatua zikawa fupi, na mwisho uso ukaganda. Akisimulia kichekesho, ni midomo tu iliyocheza. Watu wa usharika wakaacha kucheka.

Hospitalini waliambiwa ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Dawa zilimsaidia, akarudi kushika randa, miaka ikasogea. Alipoanza kupoteza maneno katikati ya sentensi, binti yao Joanitha, anayeishi Rwamishenye, alimpeleka kwa daktari bingwa. Walimlaza ubavu, amejikunja kama mtoto, wakamchoma sindano kiunoni na kukinga maji ya uti wa mgongo. Yalikuwa maangavu kabisa. Kokuberwa hakuona ubaya wowote ndani yake.

Majibu yalipotoka, daktari alisema, "Kuna protini imepungua kwenye haya maji. Mara nyingi ikipungua huku, mama, huwa inaganda kule, ndani ya ubongo. Si hakika, ila ni onyo. Huenda akili yake ikaguswa mapema."

Asubuhi moja Kokuberwa alikuwa akimenya ndizi. Byabato alimtazama muda mrefu, kisha akasema kwa adabu, kama mgeni:

"Samahani dada. Mwenye nyumba hii amekwenda wapi?"

"Nani, Baba Joanitha?"

"Mke wangu. Umefanana naye sana. Hata lile kovu la kidoleni umeliweka."

Kisu kilimponyoka. Alitoka akaenda kujificha kibanjani, kati ya migomba, na kwa kukosa la kufanya akampigia mumewe simu.

"Mama Joanitha!" Sauti ya Byabato ilikuwa ileile ya zamani. "Uko wapi? Rudi upesi. Kuna mwanamke hapa amevaa sura yako."

Kokuberwa aliegemea mgomba. "Nitarudi," alisema. "Yeye ni mtu mzuri. Akikupa dawa, kunywa."

Akarudi ndani na kikombe cha maji, na Byabato akanywa dawa bila ubishi.

Wakaishi hivyo. Kokuberwa akiwa mbele yake alikuwa mgeni. Akiwa kwenye simu alikuwa mke. Kuna nyakati alijitazama kwenye kioo cha kabati akagusa shavu lake, kuhakikisha.

Mchana mmoja, akiwa tena migombani, walikuwa wakizungumzia mvua kwenye simu. Byabato akamkatiza.

"Subiri kidogo. Huyu hapa ameniletea uji."

Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Kokuberwa alikimbia, simu mkononi. Alimkuta Byabato peke yake, mkono umenyooshwa kuelekea kiti kitupu, vidole vimekunjwa kama vimeshika kikombe. Mkono ule haukutetemeka hata kidogo. Akageuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Na wewe ni nani tena?"

"Ni Kokuberwa."

Byabato alikitazama kiti, akamtazama yeye. "Haya, tafuta pa kukaa. Siku hizi mko wengi."

Joanitha alimweleza daktari, naye akasema dawa zenyewe huweza kuleta maono, akapunguza kidonge kimoja. Yule wa kwenye kiti hakuja tena, ila mikono ya Byabato ilikakamaa zaidi, na randa hakuishika tena.

Kokuberwa bado hutoka na simu yake. Juzi Byabato alimnong'oneza, asije akasikiwa na mtu wa ndani:

"Huyu mwanamke ni mwema. Ukirudi, nakuomba usimfukuze."

"Sitamfukuza," alisema Kokuberwa. Akakata simu, akafuta macho kwa upande wa kanga, akaingia ndani kumlisha.