Sauti Nje ya Chumba cha Kompyuta

Juzi ofisi ilinituma katika shule moja ya msingi karibu na Isinya, nikague kama walimu wanatumia kompyuta vizuri. Nilikubali haraka, ilhali mimi mwenyewe sijawahi kushika kompyuta.

Mwalimu mkuu, Madam Nasieku, aliniacha peke yangu kwenye chumba chenye mapazia mazito, akaenda kupanga watoto mistari uwanjani kwa paredi. Nikabonyeza vitufe vya kila kifaa kilichokuwa mezani ili nionekane mjuzi, kisha nikakohoa. Huko nje, mtu akakohoa vilevile, kwa sauti nzito kuliko yangu.

Nikatulia. Nikasikia pumzi. Nilipozuia yangu, nayo ikakatika.

“Ni nani?” niliuliza.

“Ni nani?” sauti ikajibu kutoka upande wa uwanja.

Nikapiga magoti kati ya meza. “Usinidhuru, tafadhali. Mimi nimetumwa tu. Hata kuwasha hizi kompyuta sijui.”

Mlango ukafunguliwa.

“Bwana mkaguzi,” Madam Nasieku alisema polepole, “hiyo maiki umewasha ni ya paredi. Spika ziko nje.”

Nyuma yake shule nzima ilisimama kwa mistari, ikinitazama.